Kava la boti gatini linakusumbua? Soma dalili kwanza kabla hujanunua jingine

Wenye boti ndogo za faiba huku pwani, kuanzia Tanga, Bagamoyo, Dar mpaka Unguja, na majirani zetu wa Mtwapa na Kilifi, malalamiko yao kuhusu kava ni yaleyale kila mwaka. Kava limejaa maji, kava limechanika, kava linapigwa na upepo usiku kucha, ndani kunanuka ukungu. Na wengi wanachofanya ni kwenda kununua turubai zito zaidi. Ngoja kwanza. Mara nyingi kitambaa hakina kosa lolote, kosa liko kwenye namna kava lilivyoinuliwa na namna lilivyofungwa, na ukivisha turubai jipya juu ya makosa yaleyale nalo litakufa kabla ya masika ijayo.

Haya ninayoandika ni kwa boti inayolala majini gatini muda wote, sio ile iliyopandishwa kwenye trela, maana ya trela imetulia, haipandi na kushuka na maji. Tafuta dalili yako hapa chini, anza na sababu ya juu maana ndo inayowapata wengi, afu shuka taratibu.

Maji yanatuama juu ya kava

Hili ndo lalamiko namba moja na ndo linalozamisha boti, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Fanya hesabu ndogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita moja ya mraba inatoa lita 1, na lita 1 ni kilo 1. Boti ya mita 6 kava lake lina eneo kama mita za mraba 12, sasa ipige mvua ya milimita 50 usiku mmoja, kitu ambacho masika hakimshangazi mtu, hapo kava limepokea lita 600. Hata ikibaki robo tu kwenye bonde, ni kilo 150 zimekaa juu ya kitambaa katikati ya boti. Na bonde likishaanza linajiongeza lenyewe, maji yanavuta kitambaa chini, kitambaa kikishuka kinakusanya maji mengine, mpaka kamba ikatike au mshono uachie na mzigo wote umwagike ndani kwa mkupuo.

Sababu ya kwanza, nguzo za kuinua kava hazipo, au zipo mbili tu mbele na nyuma na katikati kumeachwa wazi. Ya pili, nguzo zipo ila kamba za pembeni zimelegea. Ya tatu, kitambaa chenyewe kinalegea kikilowa, naironi hasa ina tabia hiyo, unakikaza mchana kikiwa kikavu afu usiku mvua ikija kinashuka. Ya mwisho, kava limekatwa bapa kama shuka, fundi hakupewa umbo la boti akakata mstatili akatia matundu pembeni basi.

Kagua hivi: jua likiwa kali mwaga ndoo moja ya maji juu ya mgongo wa kava, afu simama uangalie yanakwenda wapi. Yakishuka yote pembeni mpaka baharini uko salama. Yakisimama popote, hata kidimbwi cha sahani, weka alama na chaki, hapo ndo panahitaji nguzo.

Tiba ni kutengeneza mgongo. Panga nguzo katikati ya boti kuanzia omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), zisipishane zaidi ya mita moja, na juu yake vuta mkanda wa kufungia mizigo, ule wenye kikaza chake, kuanzia mbele mpaka nyuma ili kava lilale juu ya mkanda lisilale juu ya ncha za nguzo. Kwa boti yenye upana wa mita 2 napenda mgongo uwe juu ya ukingo kwa nusu mita au zaidi, chini ya hapo maji yanasuasua. Nguzo inaweza kuwa bomba la alminiamu au mwanzi mnene. Bomba la plastiki la maji linapinda likipata mzigo na jua, sikushauri. Ncha ya juu ya kila nguzo ivalishe kipande cha ndala ya zamani kilichokatwa duara kama kiganja, kifunge kwa mpira, la sivyo ncha itatoboa kava ndani ya wiki chache. Na ncha ya chini isimame penye sakafu ngumu, isisimame juu ya mfuniko wa sanduku la samaki wala juu ya siti.

Na kama maji yameshajaa? Usiingie chini ya kava. Usilisukume kwa ghafla kutoka chini, uzito ukihamia upande mmoja boti inaweza kulala. Chukua mpira wa kumwagilia, ujaze maji, ziba ncha zote, zamisha moja kwenye dimbwi na nyingine ishushe baharini chini kuliko dimbwi, achia, maji yatajivuta yenyewe. Taratibu lakini salama. Ila ukiona boti imekaa chini kuliko alama yake ya kawaida, au imeinama na haijirudishi, hapo usipande kabisa, ita watu wa gati wenye pampu na fundi wa boti.

Kava linapigapiga, linaruka, linang'oka

Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likikaza, Juni mpaka Agosti hivi, simu za usiku zinaanza.

Sababu kubwa kuliko zote: kava limefungwa kwenye gati badala ya kufungwa kwenye boti. Naomba tuelewane vizuri hapa. Wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwa Dar, Unguja na Mombasa inakaribia mita 4, sasa wewe umefunga kamba ya kava kwenye nguzo ya gati maji yakiwa yamejaa, baada ya saa sita boti imeshuka karibu kimo cha nyumba na kava limebaki linaning'inia, hapo ama kamba inakatika, ama tundu linang'oka, ama boti yenyewe inavutwa upande. Ukifunga maji yakiwa yamekupwa ni kinyume chake, yakijaa kava lote linalegea na upepo unaingia. Hata kama gati lako ni la kuelea linalopanda na kushuka pamoja na boti bado usifunge huko, maana boti inacheza na gati halichezi sawa nayo. Kava ni la boti, lifungwe kwenye boti.

Sababu ya pili, pindo la chini halijakazwa hasa kule omo, upepo unapenya chini na kulijaza kava kama tanga. Ingiza kiganja kati ya pindo na ubavu wa boti kuzunguka boti nzima, mahali kiganja kinapita kwa urahisi na upepo utapita hapohapo. Ya tatu, kava ni kubwa mno, limenunuliwa la mita 8 kwa boti ya mita 6 kwa sababu ndo lililokuwepo dukani, nyama ya ziada imekunjwa pembeni na kila kunjo linapiga.

Kurekebisha, pitisha kamba moja ndefu ndani ya pindo kuzunguka boti yote na uikaze nyuma, hiyo peke yake inaua nusu ya kelele. Kisha shusha kamba fupi kila nusu mita kwenda kwenye reli au vyuma vya boti yenyewe, na kati ya tundu na kamba weka kipande cha mpira wa ndani wa tairi la pikipiki ili dhoruba ikija kuna kitu kinachonyumbuka kabla kitambaa hakijachanika. Penye sehemu isiyo na pa kufungia ning'iniza chupa za plastiki za lita moja na nusu zilizojaa maji. Usining'inize mawe wala vyuma, boti ikicheza vinagonga faiba usiku kucha na asubuhi unakuta ubavu umepasuka rangi.

Kitu kingine watu wanasahau: kamba za kufungia boti gatini zisifunikwe na kava. Ikitokea usiku kamba moja ya gati imekatika, unatakiwa uifikie papo hapo bila kufungua kava zima. Mwambie fundi akate nafasi ya kila kamba na aizungushie kiraka cha ngozi au mkanda mnene.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, kama ilivyotoa kwa kimbunga Hidaya Mei 2024, usiongeze kamba. Toa kava lote, likunje, liweke nchi kavu, ongeza kamba za boti na vizuizi vya mpira ubavuni. Kava kwenye upepo wa namna ile ni tanga, na tanga hilo litaipeleka boti kwenye gati au kwa jirani. Na tahadhari ikikukuta upepo umeshaanza, usipande juu ya boti peke yako kupigana na kitambaa, kinaweza kukutupa majini. Mwachie anayejua kazi hiyo au acha kava liende.

Kava linachanika

Pale lilipochanika ndo panakuambia chanzo, kwahiyo usikimbilie kushona kabla hujaangalia.

Kama ni kwenye kona ya kioo, juu ya kishikio cha fimbo ya kuvulia, au juu ya chuma chochote chenye ncha, ni msuguano. Boti gatini haitulii hata dakika, na kila mtikisiko ni kama msasa mdogo unapita hapohapo. Valisha kona husika, kipande cha zulia la zamani au mpira, afu tia kiraka cha pili upande wa ndani wa kava.

Kama ni kwenye matundu, mvutano umezidi na hakuna kitu cha kunyumbuka, rudi juu kwenye ule mpira wa pikipiki. Tundu likishang'oka usitoboe jingine pembeni yake kwenye kitambaa kimoja, kwanza shona mkanda juu ya pindo afu tundu lipite kwenye mkanda na kitambaa kwa pamoja.

Kama limeachia kwenye mstari wa mshono, ujue uzi umekufa na kitambaa ni kizima. Hii inatokea sana, jua letu linaua uzi kabla ya kitambaa. Nenda upande unaopigwa na jua la mchana, kwaruza uzi kwa ukucha. Ukitoka vumbivumbi au ukikatika bila kuvutwa, kava zima linatakiwa kushonwa upya, mishono yote, sio ile iliyoachia tu maana iliyobaki ina umri uleule. Na gharama ya kushona upya ni ndogo sana ukilinganisha na kava jipya. Dai uzi wa poliesta uliotengenezwa kuhimili jua. Uzi wa pamba unaoza na chumvi, wa naironi unachoka na jua haraka.

Na kama linapasuka kila mahali, ukilikunja linatoa unga na vipande vidogo vya plastiki, hilo ni lile turubai jepesi la bluu la kufunikia mizigo na limeshamaliza maisha yake. Hakuna kiraka kitakachoshika. Litoe mapema kabla vile vipande havijaishia baharini na kwenye pampu yako.

Ndani kuna unyevu, ukungu, harufu

Kwanza ujue kama maji yanavuja au ni jasho, maana tiba zake zinapingana. Tandaza magazeti makavu chini ya mishono na katikati ya boti, subiri mvua moja. Asubuhi ukikuta madoa sehemu chache tu, panavuja. Ukikuta magazeti yote yamelegea kwa unyevu na upande wa ndani wa kava una matone madogomadogo, ni jasho, na kuziba zaidi kutaharibu zaidi.

Jasho linatokana na boti kufunikwa ikiwa bado mbichi, mtu ametoka baharini jioni anavalisha kava hapohapo, magodoro yamelowa, kamba zimelowa, maji yamebaki kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti. Baada ya hapo ni kukosa matundu ya hewa, na turubai la PVC ndo baya zaidi kwenye hili kwa sababu halipumui kabisa. Kausha boti, toa magodoro yalale nyumbani, na fungua sehemu mbili za hewa, moja karibu na omo na nyingine juu kule nyuma, zenye kofia ya kuzuia mvua. Moja haisaidii, hewa lazima iwe na pa kuingilia na pa kutokea.

Ukungu ulioshika usugue kwa brashi laini na sabuni nyepesi, usipotoka tumia siki iliyochanganywa na maji, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, anika mpaka likauke kabisa. Jiki nyingi inaua uzi na rangi. Na jiki na siki visikutane hata kwenye ndoo moja, vinatoa gesi inayoumiza mapafu, na chini ya kava hiyo gesi haina pa kwenda.

Kila asubuhi kuna maji ndani ya boti

Watu wanalaumu kava moja kwa moja. Kabla ya kulaumu chovya ncha ya kidole kwenye maji ya ngama, gusisha ulimi, tema. Kama yananuka mafuta usionje. Yakiwa hayana chumvi ni mvua, kava linahusika. Yakiwa ya chumvi na bahari ilikuwa shwari, kava halina kosa, bahari inaingia kutoka chini: angalia kizibo cha nyuma, mabomba ya pampu, na pale vyuma vilipopita kwenye faiba. (Wa Mwanza kipimo hiki hakiwasaidii, ziwa lao halina chumvi.) Maji ya chumvi yakiongezeka bila sababu unayoiona, pandisha boti nchi kavu na mwite fundi wa faiba, usijaribu kuziba kutoka ndani na gundi ya dukani.

Kama ni mvua, angalia mishono kwanza, matundu ya sindano yanapitisha maji, paka dawa ya kuzibia mishono au nta upande wa juu kava likiwa kavu na safi. Kisha angalia kitambaa: nyunyiza maji, yakisimama kama shanga na kuteleza kiko sawa, yakinywewa na kitambaa kikabadilika rangi, ile dawa ya kuzuia maji imeisha, osha kava na uipake upya.

Betri inakufa wakati boti haitumiki

Chanzo cha kawaida, pampu ya kutoa maji inafanya kazi usiku kucha kwa sababu kava linavuja. Kingine kinachoshangaza wengi, paneli ndogo ya sola imefunikwa na kava lenyewe, toka siku lilipovalishwa haijaona jua. Ihamishie juu. Halafu ndo uangalie swichi ya kuelea ya pampu kama imekwama, na nyaya kama zimeota ukijani. Nyaya zilizoungua au swichi inayotoa joto ni kazi ya fundi umeme wa boti, sio wa nyumba.

Harufu ya petroli chini ya kava

Hapa hakuna kujaribujaribu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala kwenye ngama, na kava limeufungia humo. Usiwashe kitu, hata pampu, hata taa. Fungua kava lote kutoka nje, shuka, acha upepo upite, ita fundi. Na siku zote, hata bila harufu, kava litolewe lote kabla ya kuwasha injini, na injini au jenereta visifanye kazi chini ya kava hata kwa dakika za kupasha moto, moshi wake una gesi isiyo na harufu na inaua. Kuchaji betri nako, kava liwe wazi.

Zipu, vifungo, ndege, panya

Zipu iliyoganda ni chumvi tu. Mwagia maji yasiyo na chumvi, subiri, isogeze taratibu, afu ipake mshumaa. Usiivute na koleo. Zipu iwe ya plastiki, pete za matundu ziwe za shaba au stenlesi, zile za bati zinaota kutu na kutia madoa.

Kunguru weusi, hawa walioletwa Unguja miaka ya 1890, wanadonoa nyuzi na vishungi, kwahiyo kata kila ncha ya uzi inayoning'inia. Kinyesi cha ndege kioshwe siku hiyohiyo, kinachoma kitambaa. Panya wanakuja kwa kamba za gati, vitie visahani vipana vya plastiki katikati ya kamba.

Ukishaamua kununua jipya

Simamisha nguzo na mkanda wa mgongo kwanza, ndipo upime. Ukipima boti tupu kava litakuja fupi. Pima kutoka omo kupitia juu ya mgongo mpaka nyuma, ukijumlisha injini kama itafunikwa, kisha upana sehemu tatu tofauti kutoka ukingo hadi ukingo kupitia juu ya mkanda, ongeza sentimita 30 kila upande za kushuka chini ya ukingo.

Turubai la PVC la lori, lenye gramu 600 mpaka 700 kwa mita ya mraba, linapatikana kirahisi na halipitishi tone, lakini ni zito na linahitaji matundu ya hewa ya uhakika. Kitambaa cha akriliki kilichotiwa rangi tangu kikiwa uzi kina kama gramu 300, kinapumua, kinahimili jua miaka mingi, ila ni ghali na kwa kawaida unaagiza. Kwa boti inayolala gatini mwaka mzima mimi ningechagua akriliki, na kama mfuko haujaruhusu basi PVC ya rangi nyeupe au ya kijivu hafifu na matundu mawili ya hewa. Kazi mpe fundi anayeshona maturubai na viti vya magari, mwenye mashine nzito, na mlete gatini apime mwenyewe maji yakiwa yamejaa, ili asilazimike kuning'inia ngazini.